Mkague kuku kabla ya kukimbilia duka la dawa

Ndugu Mhariri,

Kurasa za ufugaji za magazeti yetu zina swali moja lisiloisha: "Kuku wangu amezubaa, nimpe dawa gani?" Jibu linalotolewa mara nyingi ni jina la dawa. Naomba nafasi nipinge desturi hiyo, kwa sababu kuzubaa si ugonjwa. Kuku mwenye mdondo huzubaa, aliyekwama yai huzubaa, mwenye minyoo huzubaa, aliyenyonywa damu na utitiri usiku kucha huzubaa, na hata aliyezidiwa na jua la saa nane mchana huzubaa. Ule unga wa oksitetrasaikilini, yaani antibayotiki ya kuua bakteria, ambao muuzaji huutoa rafuni bila kuuliza swali hata moja haumtibu yeyote kati ya hao watano.

Ninayemwandikia ni mwenye kuku watano, kumi, au thelathini uani. Mwenye maelfu ana daktari wake na daftari lake la chanjo.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kuku huficha ugonjwa mpaka ashindwe, kwani anayeonekana mnyonge hudonolewa na wenzake. Ukimkuta amejikunyata pembeni, manyoya yametimka na macho yamefumba, ujue ameanza kuumwa siku kadhaa nyuma. Kwa hiyo mwangalie asubuhi unapofungua banda na jioni wanapopanda kwenye vichanja: nani ametoka mwisho, nani hakukimbilia chakula, nani amelala chini badala ya kupanda.

Mtenge siku hiyohiyo. Tenga au boksi kubwa linatosha, liwe mahali pakavu pasipo upepo, na maji yawe karibu na mdomo wake. Tandika karatasi badala ya maranda, ili uone kinyesi chake peke yake na ujue kama ametaga (gazeti la jana linafaa sana kwa kazi hii, Mhariri usikasirike). Nyakati za baridi mpatie joto, maana mgonjwa hupoteza nguvu nyingi akijaribu kulinda joto lake la kawaida, ambalo ni kama nyuzi 41. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa ni salama. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa litamuua yeye na wewe. Hudumia kwanza wazima, mgonjwa awe wa mwisho, kisha unawe mikono na kubadili viatu.

Kesho yake asubuhi, kabla hajala, mshike umkague. Anza na gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, upande wa kulia kidogo. Kuku aliyelala salama huamka na gole tupu. Ukilikuta gumu kama mpira, lina kitu kilichoziba: majani makavu marefu, nyuzi za katani, vipande vya mifuko. Mnyime nafaka na majani, mpe mililita tano hivi za maji ya uvuguvugu yenye mafuta kidogo ya kupikia, kisha lisugue taratibu kwa dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku. Lisipopungua kwa siku mbili, kazi hiyo ni ya daktari na kisu chake. Ukilikuta limejaa lakini laini, linachezacheza kama mfuko wa maji, na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechachia humo. Hapa ndipo wengi humuua kuku wao, kwa kumning'iniza kichwa chini ili atapike. Maji yale machachu huingia kwenye mapafu na kuku hufia mkononi. Mwache bila chakula kwa nusu siku hadi siku moja, maji safi yawepo, kisha uanze na chakula laini kidogokidogo. Kumbuka pia kwamba utumbo wa mgonjwa wa maradhi mengine huweza kusimama, gole likajaa kwa sababu hiyo. Usiishie kwenye gole.

Shuka kwenye kidari. Pitisha vidole pande zote mbili za mfupa wa katikati. Nyama ikiwa imejaa na kuku yuko hoi, ugonjwa ni wa ghafla, haujapata muda wa kumkondesha. Mfupa ukichoma kama ukingo wa kisu, tatizo lina wiki nyingi: minyoo, chakula duni, ugonjwa sugu wa ndani. Kipimo hiki ni cha bure na hakikosei sana, lakini ni wafugaji wachache sana wanaokitumia.

Kisha kilemba. Kikipauka, damu imepungua. Tafuta utitiri, viroboto, minyoo au kuhara damu. Kikigeuka zambarau au bluu, damu haipati hewa ya kutosha, na hiyo ni hatari kubwa. Kikisinyaa na kuwa na magamba, huenda kuku ameacha kutaga tu, hasa anaponyonyoka manyoya au anapoatamia. Fungua mdomo na umulike kwa tochi. Utando wa njano uliogandamana, ambao ukiubandua panatoka damu, kwa kawaida ni ndui iliyoingia kooni. Vipele vidogo vyeupe kwa kuku ambaye hajaona jani bichi kwa miezi huweza kuwa upungufu wa vitamini A, na mchicha, matembele au majani ya mpapai kila siku ni sehemu ya tiba.

Fukunyua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja. Chawa huonekana wakikimbia, na mayai yao hukaa kwa mafungu kwenye mashina ya manyoya. Viroboto vinavyonata hung'ang'ania kilemba na kope kama mbegu nyeusi. Vipake mafuta ya mgando vikose hewa, kisha ufagie banda na kuchoma takataka zote, kwa sababu mabuu yake hukulia kwenye vumbi la chini. Utitiri mwekundu hutauona mchana. Hujificha kwenye nyufa na kwenye maungio ya vichanja, hutoka usiku kunyonya. Nenda saa tatu usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja. Kikipata michirizi ya damu, umemjua mwizi. Hapo linalotibiwa ni banda: mafuta au dawa ya wadudu ndani ya kila ufa, urudie baada ya wiki moja. Kumpaka kuku peke yake ni kazi bure.

Kinyesi ndicho kinachosema mengi, ila lazima ujue cha mzima kikoje. Cha kawaida ni kahawia au kijani kilichokolea, kikavu kiasi, na juu kina sehemu nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wa kuku. Mara chache kwa siku hutoa kinyesi laini cha kahawia kinachonuka sana. Hicho nacho ni cha kawaida, na kuku anayeatamia hutoa bonge kubwa lenye harufu kali kwa sababu hutoka mara moja tu kwa siku. Kijani kibichi cha majimaji ni cha kuku asiyekula, nyongo inatoka bila chakula. Hukiona kwenye mdondo, lakini hata aliyekaa na njaa hukitoa. Punje kama za mchele ni vipande vya tegu. Ukiona hizo usinunue piperazini, maana hiyo huwapata minyoo mviringo wakubwa peke yao. Ulizia dawa inayotaja tegu kwenye kibandiko chake.

Baada ya ukaguzi huo, uliza swali ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko yote: ni kuku mmoja, au ni kuku wengi ndani ya siku mbili tatu? Mmoja akiumwa wiki nzima na wenzake wanachakura kama kawaida, mara nyingi tatizo ni la mwili wake: yai, gole, jipu la unyayo. Watatu wakiumwa Jumatatu na saba Jumatano, huo ni ugonjwa wa kuambukiza, na kama hawajachanjwa, dhana ya kwanza iwe mdondo.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huanza kwa kuku kupumua kwa shida, kuhara kijani na kushusha mabawa. Baadaye shingo hupinda, miguu hupooza, wengine huzunguka mahali pamoja. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu wote. Hauna dawa. Narudia kwa sababu bado zinauzwa: hakuna unga, kidonge wala sindano inayoua kirusi cha mdondo. Shubiri, pilipili na majivu kwenye maji navyo haviuponyi. Kuku wachache hupona wenyewe, na kilichokuwa ndani ya maji siku hiyo ndicho hupewa sifa.

Kinga ipo, na si ghali. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kila kuku, kifaranga hata jogoo, kila baada ya miezi mitatu. Kustahimili joto hakumaanishi kuianika juani; ibebe kwenye kitambaa kibichi, mbali na mwanga. Mlaze kuku ubavu, dondosha, subiri tone lisambae jichoni ndipo umwachie. Akipepesa na tone likamwagika, rudia.

Malalamiko ninayoyasikia ni kwamba "chanjo imeua kuku". Tuangalie siku. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Kirusi kinaweza kukaa ndani ya kuku siku 2 hadi 15 kabla ya dalili, mara nyingi siku tano au sita. Ukingoja mpaka kuku wa jirani waanze kufa ndipo uchanje, baadhi ya wako tayari wanacho, na watakufa baada ya tone. Wangekufa bila tone pia. Mlipuko mara nyingi huja miezi ya kiangazi kuelekea mwisho wa mwaka, basi chanjo ya Julai isikupite.

Kuhusu yai kukwama nitakaa kidogo, kwa sababu huchanganywa na mdondo na kuku wa kuokolewa huchinjwa. Yai lililokwama hubana mishipa ya fahamu inayoelekea miguuni, kuku akachechemea au akashindwa kusimama, na mwenye kuku husema "amepooza". Tofauti ni hii: huyu wa yai yuko peke yake, ni tetea anayetaga au anayeanza kutaga, huingia na kutoka kwenye kiota bila kitu, husimama wima mkia umeshuka, na njia ya haja hufunguka na kufunga kama anayejikamua. Vaa glovu, paka kidole mafuta, ingiza taratibu sentimita tatu hadi tano, yai utaligusa. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yale ambayo kiwiko chako kinayavumilia kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, yafike tumboni, umkalishe humo dakika 15 hadi 20. Mkaushe vizuri, paka mafuta kwenye njia ya yai, mpe kalsiamu ya maji kutoka duka la mifugo kwa kipimo cha kibandiko, kisha umweke mahali pa joto na giza. Wengi hutaga ndani ya saa chache. Asipotaga, rudia beseni. Usiminye tumbo na usilipasue yai ndani, kwa sababu vipande vya ganda hukata njia ya yai na usaha hufuata. Siku moja ikipita bila yai, tafuta daktari.

Sababu yake kubwa uani ni chakula. Ganda la yai moja hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu, na tetea anayelishwa pumba na mahindi matupu hana pa kuitoa ila kwenye mifupa yake. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Anayechanganya mwenyewe aweke chombo cha pembeni chenye maganda ya chaza au ya konokono yaliyopondwa, kila kuku ale kwa hiari. Maganda ya mayai nayo yanafaa, mradi yachemshwe au yaokwe na kusagwa, wasije wakajifunza kula mayai yao. Vifaranga wasipewe kalsiamu ya wakubwa, huharibu figo.

Kwa vifaranga wa wiki tatu hadi nane, damu kwenye kinyesi ni koksidia, kidudu cha utumbo, mpaka ithibitike vinginevyo. Hukusanyika kama wanaosikia baridi, mabawa yameshuka. Amproliamu ya unga wa asilimia 20, gramu 12 kwa ndoo ya lita 20, siku tano hadi saba, ndiyo maji yao pekee. Kuna kosa linalofanywa hapa hata na wauzaji: kuuza pakiti ya vitamini itumike pamoja nayo. Amproliamu hufanya kazi kwa kuinyima koksidia vitamini B1. Ukiimwaga vitamini hiyo ndani ya ndoo ileile, umeitengua dawa. Vitamini ije baada ya kumaliza. Ondoa maranda mabichi, hasa kuzunguka chombo cha maji, kwa sababu mayai ya kidudu hiki huhitaji unyevu na siku moja au mbili ili yaweze kuambukiza, na dawa za kawaida za kusafishia hayazijali. Ukavu na jua ndivyo huyamaliza. Wakihara cheupe cha majimaji, bila damu, katika umri huohuo, fikiria Gumboro, ambayo nayo haina dawa ila chanjo.

Mafua huvimbisha uso na kutoa kamasi yenye harufu mbaya. Hayo ni ya bakteria na dawa hufanya kazi, lakini aliyepona hubaki na vijidudu, hivyo usimchanganye na wageni. Ndui huleta vigaga kwenye kilemba na ndevu, husambazwa na mbu. Visafishe kwa maji ya chumvi, paka iodini, usivibandue, na jicho lililoziba lipate mafuta ya tetrasaikilini ya macho.

Narudi kwenye antibayotiki, maana sisemi hazina kazi. Zina kazi pale bakteria wanapohusika, na hata hapo hutumiwa vibaya. Tetea mzima hunywa kama mililita 200 hadi 250 za maji kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Mgonjwa hunywa nusu, au hanywi kabisa. Kumwaga dawa kwenye ndoo ya wote ni kuwanywesha wazima na kumkosa mgonjwa. Huyo mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano: elekeza pembeni mwa mdomo, mililita moja kwa wakati, umsubiri ameze. Usisukume katikati, kwani tundu la hewa lipo nyuma tu ya ulimi. Tetrasaikilini hushikwa na kalsiamu isifyonzwe, kwa hiyo ondoa maganda ya chaza kwa siku za dawa. Changanya mpya kila siku, chombo kiwe cha plastiki, kivulini. Maliza siku zilizoandikwa hata kama kuku amechangamka siku ya pili. Mayai na nyama ya siku za dawa, pamoja na siku za kusubiri zilizo kwenye kibandiko, visiliwe wala visiuzwe. Vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini visiguswe.

Wakati unatafuta jibu, kinachomsaidia karibu kila mgonjwa ni maji. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, ni mchanganyiko uleule wa mtoto anayeharisha. Mpe kidogokidogo kwa siku moja au mbili.

Akifa, usimtupe jalalani na usimpe mbwa. Mfukie chini kiasi cha mbwa kutomfukua, au umchome. Na wale walioanza kuumwa wasiuzwe haraka kwa mchuuzi "kabla hawajafa"; hivyo ndivyo mdondo unavyopanda baiskeli kwenda kijiji cha pili. Manyoya, matumbo na maji ya kunyonyolea ya kuku mgonjwa aliyechinjwa hubeba kirusi kama mzoga wenyewe, na hapo ndipo kuku wa jirani huja kuchakura.

Wakifa wengi kwa mpigo, mjulishe ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Ukitaka jibu la hakika, mzoga mmoja wa leo una thamani kuliko mitano ya juzi. Uweke kwenye mifuko miwili ya plastiki, upoze kwa barafu bila kuugandisha, kwani kugandisha huharibu nyama ya kuchunguzwa, na uufikishe ndani ya saa 24. Wakala wa Maabara ya Veterinari una makao Temeke na vituo vya kanda, na Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Andika kwenye karatasi umri wa kuku, idadi ya wote na ya waliokufa, tarehe ya chanjo ya mwisho, na kila dawa uliyokwisha kuwapa. Hiyo ya mwisho usiifiche, kwani antibiotiki iliyotangulia huweza kuzuia bakteria kuota maabara, ukaletewa jibu kwamba hakuna kilichoonekana.

Ofisa mifugo mstaafu,
Morogoro